Kipimo cha Macho

Kwa miaka thelathini na moja ya kushona nguo za watu, Mama Mkasi hakuwahi kumpima mteja kwa futi. Futi aliivaa shingoni kwa sababu wateja walitegemea kuiona hapo, lakini vipimo alivichukua kwa macho. Mtu akiingia dukani, kabla hajamaliza salamu, yeye alikuwa ameshajua kiuno chake, mabega yake, na uongo atakaokuja kuusema kuhusu unene wake. Na hakukosea, jambo lililomvimbisha kichwa kupita kiasi.

Jina la Mama Mkasi alipewa na mafundi wake wanne, nusu kwa ajili ya kazi na nusu kwa ajili ya ulimi. Hawakulitamka mbele yake. Alilijua, na lilimpendeza. Aliwadharau watu wanaonunua nguo zilizoshonwa tayari, aliwadharau wanaume wanaotembea na funguo zikining'inia kiunoni, alimdharau wifi yake kwa kutia vijiko vitano vya sukari kwenye kikombe kimoja cha chai. Lakini hizo zilikuwa dharau ndogo ndogo za kupitishia siku. Dharau yake yenyewe, ile ya kukaa nayo na kuitunza, alimwekea mchumba wa binti yake.

Kijana huyo alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Alipita geti hadi geti na daftari lake, akapiga magoti kwenye vishimo, akafuta vioo vya mita kwa kitambaa, akaandika namba. Suruali zake zote zilikuwa zimepauka magotini. Mama Mkasi alimwita Bwana Mita, kwanza nyuma ya mgongo wake, halafu usoni, na kijana akaitika kana kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Hata hilo lilimkera. Mwanaume gani hajui anapotukanwa?

Miezi minane iliyopita binti alimleta nyumbani kwa mara ya kwanza. Mama Mkasi alimuuliza maswali matatu tu, akapata majibu matatu ya kweli, akasema maneno ambayo hayarudishwi, na wawili hao wakaondoka na njaa yao. Tangu siku hiyo binti, ambaye alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba katika ofisi ya wahandisi na alipanga chumba upande wa pili wa mji, alikuwa amekuja kumwona mama yake mara mbili. Mara zote alikaa ukingoni mwa kiti, mikono chini ya mkoba, akaaga kabla chai haijapoa. Kwenye simu alikuwa mtu wa sentensi mbili. "Mzima, mama. Kazi nyingi tu, mama."

Hilo lilimuuma Mama Mkasi kuliko alivyokuwa tayari kumwambia mtu yeyote. Alikuwa na mtoto mmoja. Alimtaka arudi, akae vizuri kwenye kiti, anywe chai yote, amsimulie mambo ya ofisini kama zamani. Kuomba msamaha hakukuwa njia aliyoifikiria. Kwake msamaha ulikuwa kitu cha kuombwa, si cha kuomba.

Ndipo Jumamosi moja mchana Bwana Mita alipokuja peke yake, ameoga, amechana nywele, akakaa pale alipooneshwa.

"Mama, nimekuja kuomba siku," alisema. "Nataka nimlete mama yangu, tukae, tuzungumze. Na siku hiyo nimvishe pete."

"Pete ya nini?"

"Ya uchumba, mama."

"Nimeuliza ya nini. Ya dhahabu, ya shaba, ya bati?"

"Ya dhahabu. Nyembamba tu, mama. Haina jiwe."

"Haina jiwe." Mama Mkasi aliyarudia maneno hayo polepole, kama aliyeng'ata kokoto kwenye wali. "Kwa hiyo mwanangu avae waya."

Kijana alitazama magoti yake, na Mama Mkasi akayatazama pia, akayaona yalivyopauka hata kwenye suruali ya kutokea.

Wazo lilimjia hapohapo, na kama mawazo yake yote lilikuja likiwa limeshakatwa na kushonwa. Pete angetoa yeye. Angetoa almasi yake mwenyewe, ile aliyovishwa na marehemu mumewe, angeipeleka kwa sonara itengenezwe upya kwa mtindo wa kisasa, na binti yake angevishwa mbele ya watu kitu ambacho mkono wa msoma mita usingekifikia hata kwa miaka mia. Binti angelia. Angemkumbatia nani? Siyo yule aliyeleta mkono mtupu. Almasi ile ingemrudisha mwanawe nyumbani.

"Pete nitatoa mimi," alisema. "Wewe kazi yako kuvisha. Kuvisha unaweza?"

"Naweza, mama. Lakini yeye hakuomba..."

"Sikuulizi kaomba nini. Na usimwambie. Nataka ashtuke."

Pete yenyewe alikuwa nayo kidoleni wakati huo, akiizungusha kwa dole gumba. Ilikuwa ya kizamani, jiwe limenyanyuliwa juu kwenye vikucha sita, na vikucha hivyo vilinasa kila kitu: nyuzi, hariri za watu, nywele za mwanawe alipokuwa mdogo akisukwa. Mafundi walishamshauri aivue akiwa kazini. Hakuivua, hata mumewe alipozikwa, hata kidole kilipovimba kwa joto. Na alikuwa na hadithi yake, ambayo kila aliyekaa naye zaidi ya nusu saa alishaisikia. Marehemu hakumpima. Alimtazama tu, akaenda, akarudi na pete, ikaingia kama imezaliwa hapo. "Mwanaume anayekupenda," Mama Mkasi alikuwa akimalizia, "hakupimi. Anakujua."

*

Sonara alikuwa na duka jembamba kati ya mahali pa kutoa fotokopi na duka la dawa. Ukiingia unakutana na kaunta ya kioo, na nyuma yake meza ya kazi yenye ngozi iliyotandazwa chini ya ukingo kukinga vumbi la dhahabu lisipotee. Alikuwa mzee wa maneno machache, na lenzi yake ilikuwa imemwachia alama ya duara kuzunguka jicho la kulia. Mama Mkasi alimdharau kidogo, kwa sababu ya ndala alizovaa kazini.

Bwana Mita alikuwepo. Hakualikwa, lakini alipoambiwa siku aliomba ruhusa kazini akaja.

Sonara aliichukua pete, akaigeuza chini ya taa, akaiweka kwenye lenzi, akakaa nayo muda mrefu.

"Jiwe zuri," alisema. "Safi. Ila pete iliwahi kukatwa."

"Kukatwa na nani?"

"Sijui na nani. Hapa nyuma kuna lehemu. Ilikatwa, ikapanuliwa, ikaungwa. Zamani sana. Kazi nzuri, mtu wa kawaida haoni."

"Basi huoni vizuri, mzee," alisema Mama Mkasi. "Pete hii ilitoka dukani ikaja kidoleni. Haikupita kwa mtu."

Sonara alimtazama kwa jicho lile lisilo na duara. Waliomzoea walisema alikuwa amesikia hadithi nyingi za pete, na kwamba dhahabu humwambia mambo ambayo wenye pete wangependa yabaki hukohuko ndani.

Mama Mkasi alitoa mchoro. Alikuwa ameuchora mwenyewe kwenye karatasi ya kukatia nguo: jiwe lishushwe, likae chini lisinase kitu, vikucha viondolewe, na mzunguko wote wa pete, mbele na nyuma, upangwe vito vidogo vidogo vinavyometameta. Dhahabu ya zamani iyeyushwe, iingie kwenye hiyo mpya, isipotee hata chembe.

"Inapendeza," alisema sonara. "Kidole kiko wapi?"

"Kidole gani?"

"Cha atakayevaa. Mimi napima kidole."

"Kidole hakiji. Ni zawadi ya kushtukiza. Fanya kipimo changu, halafu punguza kidogo, nusu. Mwanangu ana mikono yangu. Nimemshonea tangu nguo za kitoto mpaka joho la chuo, sijawahi kumpima, na sijawahi kukosea."

Bwana Mita alikohoa. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, na ndani yake kipande cha uzi mweupe chenye fundo.

"Mimi nimempima, mama," alisema. "Huu hapa. Fundo ndio mwisho."

Sonara aliupokea uzi, akauzungusha kwenye kijiti chake cha chuma chenye alama za vipimo, chembamba juu na kinene chini. Uzi ulishuka, ukapita kipimo cha Mama Mkasi, ukaendelea kushuka, ukatulia alama tatu chini yake.

Mama Mkasi alicheka mpaka mwenye fotokopi akachungulia.

"Huyu kapima kidole gumba! Bwana Mita, hiyo ni pete au bangili? Au ulipima bomba la maji?"

"Inatakiwa ipite kwenye kiungo, mama," alisema kijana, masikio yamemwiva. "Kiungo chake ni..."

"Kiungo chake nimekizaa mimi."

Kitu fulani kilipita usoni mwa kijana, na Mama Mkasi, aliyejua kusoma nyuso kama anavyosoma viuno, alikisoma kuwa ni woga. Akaridhika. Uzi! Yeye aliyeishi na nyuzi maisha yake yote, aletewe uzi na mtu wa mabomba. Mwanaume analala karibu na moyo wa mwanawe, na bado anahitaji uzi ili ajue unene wa kidole chake. Marehemu angemwonea aibu.

"Sikiliza, mama," sonara alisema, akiweka uzi kwenye kaunta kwa uangalifu. "Pete ya kawaida ukikosea, nakata, napanua, mambo yamekwisha. Hii yenye vito mzunguko mzima haina pa kukata. Nikishaifunga, haipanuki. Ikikataa kuingia, ni kuivunja na kuanza upya, na vito vidogo vingine vitapasuka. Mlete dakika tano tu. Mwambie mnakwenda kununua dawa hapo jirani."

"Wewe ni sonara au mganga? Nimekuambia kipimo."

"Kazi yangu kushauri," alisema sonara. "Ukishasema, natengeneza."

Akaandika. Akachukua koleo ndogo, akavikunjua vikucha sita kimoja kimoja, na almasi ikadondoka kwenye kiganja chake bila sauti. Kwenye kidole cha Mama Mkasi kulibaki mfereji mweupe, laini, ambao haukuwa umeona jua kwa miaka thelathini. Aliuficha kwa mkono wa pili. Hakutaka Bwana Mita auone.

*

Siku nne baadaye, saa ya chakula cha mchana, Bwana Mita alimfuata dukani. Alisimama kati ya sanamu mbili za kuvalishia nguo, kofia ya kazi mkononi, huku mafundi wanne wakijifanya wanashona.

"Mama, naomba turudi kwa sonara kabla hajafunga vito. Nimepita leo asubuhi, amesema bado hajaanza upande wa nyuma."

"Umepita? Umetumwa na nani kupita?"

"Sijatumwa, mama. Nakuomba tu. Abadilishe kipimo."

"Aha." Mama Mkasi aliweka chaki chini, akawageukia mafundi. "Mmesikia? Mgeni wetu anataka kunifundisha kipimo. Mwambieni basi. Haya, wewe wa mwisho, nimewahi kukosea?"

"Hapana, mama," alisema fundi wa mwisho, macho kwenye cherehani.

"Wewe?"

"Hapana, mama."

"Sasa huyu hapa, mimi sijamgusa." Alimzunguka kijana taratibu. "Shingo kumi na tano. Kifua thelathini na sita, na hapo kavuta pumzi. Mkono wa kushoto mrefu kuliko wa kulia, kwa kubeba lile daftari. Kweli au uongo?"

"Kweli, mama."

"Basi nenda kasome mita."

Mafundi walicheka, kwa kuwa walitakiwa kucheka. Bwana Mita hakuondoka. Alizungusha kofia mikononi, akasogea karibu, akashusha sauti.

"Mama, kile kidole chake..."

"Kina nini?"

Kijana alimtazama. Mdomo ulikuwa wazi, neno lilikuwa limeshafika mlangoni. Halafu akalirudisha ndani. Mama Mkasi aliona kabisa likirudishwa.

"Hakina kitu," alisema kijana. "Samahani kwa usumbufu."

Alipotoka, Mama Mkasi alitikisa kichwa. Hata kubishana hajui. Ameanza sentensi, kashindwa kuimaliza. Kidume kizima, maneno yanamwogopesha! Aliwaambia mafundi kwamba mwanaume wa namna hiyo hata akiibiwa atamfungulia mwizi geti, na safari hii walicheka kwa hiari yao.

*

Jumapili ilipofika, sebule ilikuwa imefagiliwa mara mbili na meza imetandikwa kitambaa cheupe. Wifi yake, dada wa marehemu, aliwahi mapema ili apate kiti cha kuonea vizuri. Bwana Mita alikuja na mama yake, mwanamke mdogo wa umbo, mkimya, aliyesalimia kwa mikono miwili. Mama Mkasi alimpokea kwa tabasamu pana, na kabla tabasamu halijaisha alikuwa ameshaona kwamba gauni lake lilishonwa mkono wa kulia kushoto na wa kushoto kulia. Amekuja kuposa amevaa nguo ya kinyumenyume. Mwana kautoa wapi ujinga, jibu lilikuwa limekaa pale kwenye sofa.

Binti aliingia mwisho. Alikuwa amependeza, na amekonda kidogo, sentimita mbili kiunoni. Alimkumbatia mama yake, na kumbatio hilo lilikuwa refu kuliko lile la mara ya mwisho. Mama Mkasi alilihesabu kuwa ushindi wa kwanza wa siku.

Walikula. Walizungumza mambo ya kuzungumzwa. Wifi alisifia kuku, akasifia mchuzi, akatia sukari vijiko vitano. Ndipo Mama Mkasi akasimama, akagonga glasi kwa kijiko, akaeleza habari za almasi: marehemu alivyoitafuta, alivyomtazama tu bila kumpima, na jinsi yeye, mjane, alivyoamua kuivua kwa ajili ya mwanawe wa pekee, "ili asije akavishwa kitu cha kutia aibu." Alipofika kwenye neno aibu alimtazama Bwana Mita, halafu akamtazama mama yake, ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Kasha likafunguliwa. Lazima tumpe sonara haki yake: ilikuwa pete ya kukata pumzi. Jiwe lilikuwa limeketi chini, limetulia, na vito vidogo vilizunguka bila kuacha pengo. Wifi alisema "Yarabi!" na hakuna aliyemlaumu.

Binti hakushtuka kwa furaha. Alishtuka kweli, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umerudi nyuma chini ya meza.

"Mama, hii ni pete yako."

"Ilikuwa yangu. Bwana Mita, haya. Zamu yako ya kazi."

Kijana alipiga goti. Hilo alikuwa amelizoea. Alishika mkono wa binti kama anashika yai. Pete ilipita kucha, ikapita kiungo cha kwanza, ikafika kiungo cha pili, ikasimama. Hakuisukuma. Alimtazama binti, na binti akamtazama, na katika kutazamana huko kulikuwa na mazungumzo marefu ambayo Mama Mkasi hakualikwa.

"Haiingii," alisema Bwana Mita kwa upole.

"Haiingii kwa sababu unaishika kama mwizi," alisema Mama Mkasi. "Toka hapo."

Akamsukuma kando, akaushika mkono wa mwanawe, akaanza kuizungusha pete mwenyewe, kulia, kushoto, kama anavyolazimisha kifungo kwenye tundu dogo. Akaagiza mafuta. Wifi akaleta mafuta. Pete ikateleza, ikafika palepale.

"Umenenepa vidole? Haiwezekani. Kiuno kimepungua, vidole vinanenepa vipi?"

"Mama, niachie."

"Tulia. Kidogo tu."

Akasukuma kwa nguvu. Binti alitoa sauti ndogo, akauvuta mkono wake, akaukumbatia kifuani. Pete ilibaki kwenye vidole vya Mama Mkasi, imejaa mafuta. Ndipo kwa mara ya kwanza akakitazama kidole chenyewe, siyo kile alichokibeba kichwani. Kiungo cha kati kilikuwa kimetuna upande mmoja, na ncha ilikwenda pembeni kidogo, kwa kiasi ambacho mtu angehitaji kukaa karibu kukiona. Yeye hakuwa amekaa karibu.

"Kimefanya nini hicho?" aliuliza wifi.

"Kilivunjika," alisema binti.

"Lini? Wapi?" Mama Mkasi aligeuka. "Mbona sikuambiwa?"

Bwana Mita aliinuka, akajiweka mbele ya swali.

"Ni ofisini, mama. Alibanwa na kabati la ramani. Siku nyingi sasa."

Hapo dharau yote ya miezi minane ilipata njia. Mama Mkasi alimgeukia kijana mbele ya mama yake mzazi, na akamwambia. Akamwambia kuwa mwanaume anayehesabu maji ya watu matone kwa matone ameshindwa kutunza mkono mmoja wa mwanamke. Akamwambia kuwa mwanawe alitoka nyumbani kwake na vidole kumi vizima, na sasa mtazameni. Akamuuliza alikuwa wapi siku hiyo, alikuwa amepiga magoti kwenye shimo la nani. Kijana alisimama, mikono ubavuni, akayapokea yote bila kupangusa uso. Mama yake, yule mwanamke wa gauni la kinyumenyume, alikuwa ameshika ukingo wa meza, na alikuwa akimtazama Mama Mkasi kwa namna ya ajabu. Haikuwa hasira. Ilionekana kama huruma, na hiyo ndiyo iliyomfanya Mama Mkasi apandishe sauti zaidi.

"Mama, basi," alisema binti.

"Basi nini? Nimemaliza? Mwanaume hana..."

"Ni wewe."

"Nini?"

"Hakuna kabati. Ulinibana wewe. Na mlango huu hapa." Binti hakupandisha sauti. "Siku ya kwanza nilipomleta. Ulitutoa, ukaubamiza. Nilikuwa nimeshika mwimo, nimegeuka nyuma nikuage."

"Uongo," alisema Mama Mkasi.

Lakini alikuwa ameshakumbuka. Mlango ule haukufunga mara ya kwanza. Uligoma, ukamrudia. Alidhani mbao zimevimba kwa mvua, akautukana fundi seremala, akauvuta nyuma, akaubamiza tena kwa nguvu zaidi. Mara ya pili ulifunga.

Wifi, ambaye hakuwahi kukosa la kusema tangu azaliwe, alikuwa akitazama sukari.

"Mbona hukupiga kelele?" aliuliza Mama Mkasi. Sauti ilitoka nyembamba. "Ningefungua. Unajua ningefungua."

"Yeye ndiye aliyeniomba nisipige. Alisema ukifungua ukaona, hutajisamehe maisha yako yote. Akaniambia ning'ate koti lake." Binti alikishika kidole chake, akakisugua, bila chuki yoyote. "Tukashuka ngazi. Halafu akaniomba tusikuambie kabisa. Hakiumi tena, mama. Kweli."

Mama Mkasi alimtazama Bwana Mita. Alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, kama anavyowatazama wateja, na safari hii hakuna namba iliyokuja.

"Hospitali," alisema, "nani alimshika wakati wanakinyoosha?"

"Mimi, mama."

"Alilia?"

Kijana alimtazama binti, na binti akatazama chini. Kijana hakutaka kusema; alionekana wazi anatafuta kabati lingine la kujificha nyuma yake, na halikuwepo.

"Alilia, mama."

"Alikuwa anasema nini?"

"Mama, haina haja..."

"Nimekuuliza. Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anakuita wewe," alisema Bwana Mita. "Mwanzo mpaka mwisho."

Mama Mkasi alirudi nyuma, akatafuta kiti kwa mkono, akakikosa, na wifi yake akainuka akamsogezea.